Haibridi kuukuu Nairobi: fundi wa mtaa, gereji ya haibridi au wakala?

Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ikipita kilomita 200,000 si gari la kuogopwa. La kuogopwa ni lile lililofika huko bila mtu kufungua feni ya betri hata mara moja, bila kulanti (maji maalum ya kupozea) ya inveta kubadilishwa, bila EGR (mfumo wa kurudisha moshi ndani ya injini) kusafishwa. Nairobi tunayo yote mawili. Toyota Aqua zinazobeba abiria wa programu za teksi kutoka Roysambu hadi Kilimani, Toyota Fielder haibridi za kusambaza bidhaa, Toyota Prius za 2010 ambazo zimeshabadilisha wamiliki mara kadhaa: ukizikuta zimeegeshwa pamoja huwezi kujua ipi ni ipi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Prius ya 2010 unayoonyeshwa leo imeshatembea hapa kwa miaka mingi, na hali yake imetokana na mikono iliyoihudumia hapa hapa.

Ndiyo maana nalinganisha mikono hiyo: fundi wa mtaa, gereji ndogo inayoshughulika na haibridi, na gereji ya wakala rasmi wa kampuni ya magari. Betri, ambayo kila mtu huiuliza kwanza, nitaifikia baadaye, kwa sababu mara nyingi betri huuawa na kitu kingine.

Fuata joto

Gari la kawaida lina kitu kimoja kikubwa cha kupozwa, nacho ni injini. Haibridi ina vinne. Injini ina kulanti yake. Inveta, lile sanduku la rangi ya fedha lenye nyaya nene za rangi ya chungwa, linalogeuza umeme wa betri uendeshe mota, ina kulanti yake peke yake, na tangi lake, na pampu yake. Mota za umeme zimo ndani ya gia boksi na hupozwa kwa oili ya gia. Betri kubwa hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni ndogo iliyofichwa nyuma. Kwenye Aqua na Prius ya kizazi cha tatu (ya 2010 hadi 2015) hakuna hata mkanda mmoja mbele ya injini. Pampu ya maji na kompresa ya AC zote zinaendeshwa kwa umeme. Mkanda wa Probox ukichoka hulia asubuhi, mtaa mzima ukajua. Pampu ya umeme hufa kimya.

Hali ya hewa ya Nairobi ni rafiki wa magari haya. Tuko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, usiku ni baridi, na betri ya nikeli iliyoishi hapa hupata nafuu kuliko iliyoishi Mombasa. Kinachotuumiza ni vumbi na foleni. Gari linapotambaa kutoka Bellevue hadi Nyayo saa kumi na moja jioni, AC ikiwa imewashwa, betri inachajiwa na kutumiwa bila kupumzika, na rejeta haipati upepo wa mwendo.

Chukua hiyo feni ya betri. Kwenye Aqua hewa huingilia kwenye tundu lililo chini ya kiti cha nyuma, karibu na miguu ya abiria. Kwenye Prius tundu liko kando ya kiti cha nyuma. Fungua kifuniko kwenye gari lililofanya teksi kwa miaka michache na utakuta blanketi: nywele, nyuzi za sweta, vumbi jekundu, maganda ya njugu, risiti ya maegesho iliyokunjwa. Zungusha mapezi ya feni kwa kidole na utahisi uchafu ulioganda kwenye kingo zake, ule ambao kuupuliza hautoshi, lazima ukwanguliwe kwa brashi. Hewa ikipungua, moduli (vipande vinavyounda betri) za katikati, ambazo hata siku njema ndizo zenye joto zaidi, zinaanza kuchoka kabla ya wenzake. Kazi nzima inataka bisibisi, brashi laini, mashine ya kufyonza vumbi na uvumilivu kidogo. Fundi asipulize hewa ya kompresa kuelekea ndani, kwa maana atasukuma uchafu wote kwenye betri yenyewe.

Kazi hiyo ningeifanya kila mwaka, na kwa gari la teksi kila miezi sita. Nimeitaja kabla ya oili kwa makusudi.

Huduma ya kawaida, na ile isiyoandikwa kwenye risiti

Risiti nyingi za huduma mjini zina mistari ile ile: oili, filta ya oili, filta ya hewa, plagi, kuosha injini. Kwa Vitz au Probox mistari hiyo inatosha. Kwa haibridi kuukuu ni nusu tu ya kazi, na huo mstari wa mwisho ningeufuta kabisa: maji ya presha hayana kazi karibu na inveta.

Tuanze na oili. Toyota kule Japani huelekeza oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake, yaani 7,500 au miezi sita, kwa gari linalofanya kazi ngumu. Safari fupi, foleni na vumbi ni kazi ngumu, kwa hiyo Nairobi nzima imo. Wapo wanaosema oili ya haibridi inaweza kukaa zaidi kwa sababu mita husoma hata injini ikiwa imezimwa. Sikubaliani nao. Injini hii huzimwa na kuwashwa tena na tena, na katika safari fupi haifikii joto lake kamili, hivyo unyevu na petroli hubaki ndani ya oili badala ya kuchomeka. Kwa gari lililopita 200,000 shikilia 7,500 kama mwisho, na kama limeanza kula oili rudi hadi 5,000. Vuta kijiti cha oili kila unapojaza tangi. Prius za 1.8 za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili zikishazeeka, na taa ya oili ikiwaka umeshachelewa.

Kuhusu uzito wa oili, kifuniko kinasema 0W-20. Fundi wa mtaa atakwambia, "Gari limezeeka, bosi, tuweke nzito," huku ameshika kopo la 20W-50. Mkatalie kwa upole lakini mkatalie. Injini ya haibridi huamshwa ghafla gari likiwa tayari liko mwendoni, na inataka oili ifike juu mara moja. Kama imeanza kupunguza oili, 5W-30 inatosha.

Oili ya gia ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwa sababu watu huiita gia ya haibridi "CVT", kuna mafundi wanaomimina oili ya CVT. Gia ya Aqua, Prius na Fielder haibridi haina mkanda wa chuma wala pulei za CVT ya kawaida. Ndani kuna gia za sayari na mota mbili za umeme zinazooga katika oili hiyo hiyo, na inayotakiwa ni ATF WS, oili ya gia ya Toyota. Oili hiyo hupoza mota na hugusa nyaya zake za shaba, hivyo oili isiyofaa ni hatari kwa umeme pia. Ratiba nyingi za kiwandani hazitaji kuibadilisha. Kwa gari la umri huu ningeibadilisha kila kilomita 80,000 hadi 100,000, na kama historia haijulikani, ningeibadilisha wiki ya kwanza.

Kulanti ni ile ya waridi. Toyota huipa ya kwanza ya injini kilomita 160,000, ya inveta 240,000, kisha kila 80,000 kwa zote mbili. Gari lako limekwisha kupita nambari ya injini, na ya inveta limeikaribia au limeipita. Usiruhusu maji ya mfereji hata siku moja, chumvi zake hubaki kwenye mifereji midogo ya inveta. Na kuna kipimo kisichohitaji mashine yoyote: asubuhi gari likiwa baridi, liwashe mpaka taa ya READY iwake, kisha chungulia ndani ya tangi dogo la inveta. Maji yanapaswa kucheza na kuzunguka. Yakiwa yametulia tuli, pampu imekufa au kuna hewa ndani, na safari ya kupanda Waiyaki Way siku ya jua itakuletea msimbo wa hitilafu P0A93 na gari lisilo na nguvu. Pampu ya injini yenyewe kwenye Prius ya kizazi cha tatu huchoka pia. Msimbo wake ni P261B, na gari la umri huu ambalo pampu yake haijawahi kubadilishwa linastahili mpya kabla ya kwenda Mombasa.

Sasa EGR, mahali ambapo pesa nyingi hupotelea. Huu ni mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako. Moshi hupitia kipozeo chenye mifereji myembamba, na mifereji hiyo huziba kwa masizi. Ikiziba, silinda hupata joto lisilo sawa, gasketi ya hedi huanza kuvuja, na kulanti huingia ndani ya silinda usiku kidogo kidogo. Dalili yake huwezi kuikosea: ukiwasha asubuhi, injini hutetemeka kwa nguvu kwa sekunde kadhaa, kisha hutulia ukadhani imepona. Kulanti hupungua bila doa lolote chini ya gari. Prius ya kizazi cha tatu ndiyo mgonjwa mkuu wa ugonjwa huu. Aqua na Fielder zenye injini ya 1.5 pia zina EGR ya kupozwa na huziba. Kufungua kipozeo, valvu na vitundu vya manifoldi na kuviosha ni kazi ya siku moja. Kufungua hedi ni kazi ya wiki, na mara nyingine huishia kwenye injini ya mtumba. Kama ungelipia jambo moja tu mwaka huu kwenye Prius ya 2010 hadi 2015, lipia hilo.

Breki za haibridi huwadanganya watu kwa upande mwingine. Padi hudumu mno kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo, basi hakuna anayefungua magurudumu, na pini za kalipa hukauka na kukwama. Zifunguliwe na kupakwa grisi kila mwaka hata kama padi ni nene. Oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili. Hapa tahadhari: kwenye Prius, ukifungua mlango wa dereva mfumo wa breki huamka wenyewe na kujipa shinikizo, hata gari likiwa limezimwa. Fundi asiyelijua hilo, akiwa na kalipa mkononi, anaweza kuumia, na akitoa hewa kwa njia ya zamani bila skana (kifaa cha kuzungumza na kompyuta za gari) anaweza kuliacha gari na pedali laini. Ukishuka Mai Mahiu, weka gia kwenye B, ile ya kushukia milima, mapema. Betri ikishajaa, injini itasaidia kushika gari badala ya breki kubeba mzigo wote.

Mawili ya mwisho ni ya haraka. Kompresa ya AC inataka oili aina ya ND-11. Oili ya PAG ya kawaida, ile ya fundi wa AC wa kando ya barabara, huharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa. Na betri ndogo ya 12V ikidhoofika huwasha taa nyingi za dashibodi kwa pamoja. Ipime hiyo kabla hujamsikiliza mtu yeyote anayekuambia betri kubwa imekufa. Ukiibadilisha, nunua inayofaa kukaa ndani ya gari na urudishe bomba lake la kutoa gesi.

Mikono mitatu

Fundi wa mtaa, awe Kariobangi Light Industries, Ngara au Grogan, namheshimu kwa dhati. Barabara zetu anazijua kuliko kitabu chochote. Bushi, bolijointi, shoki, beringi za magurudumu, bomba la eksozi lililogonga tuta: kazi hizo hakuna anayezifanya kwa haraka na kwa bei nafuu zaidi, na unasimama naye ukiona kila boliti. Hata oili ya injini anaweza kubadilisha, mradi uje na oili na filta ulizonunua mwenyewe kwa duka unaloliamini, kwa sababu makopo bandia yapo mjini.

Mpaka wake ni zile nyaya za chungwa. Betri ya Aqua ina volti 144, ya Prius 201.6, na inveta huzipandisha hadi 520 kwenye Aqua na 650 kwenye Prius. Umeme huo haumpi mtu nafasi ya pili. Upungufu wake mwingine ni skana: kile kifaa kidogo cha bei rahisi husoma misimbo ya injini na kuizima taa, lakini hakifiki kwenye kompyuta ya betri wala ya breki. Kuzimiwa taa si kutengenezewa gari.

Kuna swali moja ninalopenda kulitumia kumpima fundi: "Nataka injini hii ibaki ikinguruma ikiwa imesimama, tufanyeje?" Anayeijua Toyota atakuambia, au atakuonyesha: washa bila kukanyaga breki, kanyaga mafuta hadi chini mara mbili ikiwa P, mara mbili ikiwa N, mara mbili tena ikiwa P, yote ndani ya dakika moja, kisha kanyaga breki uwashe. Swali la pili: "Ukitoa plagi ya huduma ya betri, ile inayokata umeme wake, unasubiri muda gani?" Jibu la kitabu ni dakika 10, na glavu za kuhami umeme ziko mkononi. Akicheka swali hilo, mshukuru na uondoke.

Gereji ya haibridi ndiyo ningeipa kazi kubwa zaidi. Iliyo nzuri ina skana inayosoma kila bloku (jozi ya moduli) ya betri, imeshafungua EGR nyingi, inazo kulanti ya waridi na WS kwenye rafu, na haishangai gari likiwa kimya. Bei yake iko katikati. Hatari yake ni kwamba bango la "Hybrid" kwenye geti si cheti. Gereji nyingi hupata faida kubwa kwa kuuza betri, na anayeuza betri ndiye anayekuambia yako imekufa. Simtuhumu kila mtu, ila nataka ushahidi: picha ya skrini ya bloku zote kabla ya kazi, nyingine baada ya kazi, na sehemu za zamani zirudi kwenye buti yako.

Wakala ana vitabu vya kiwandani, vifaa rasmi na spea ambazo huna haja ya kuzitilia shaka. Kwa kutoa hewa kwenye breki, kwa tatizo la kifaa kinachotoa shinikizo la breki, kwa masasisho ya programu, hapo ndipo pa kwenda. Mnamo Februari 2014 Toyota iliyaita magari ya Prius yapatayo milioni 1.9 duniani kote yarudi kurekebishwa kwa ajili ya programu ya inveta, iliyoweza kuruhusu sehemu zake kupata joto kupita kiasi na kulizima gari njiani. Gari lililotoka Japani baadaye huenda lilifanyiwa, huenda halikufanyiwa. Nambari ya chesisi ndiyo inayojua, na kuiulizia ni bure. Udhaifu wa wakala ni bei ya saa za kazi, na tabia ya kubadilisha kitu kizima ambapo gereji ndogo ingefungua na kusafisha. Tena Aqua na Fielder haibridi zilitengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo baadhi ya spea huagizwa kwa chesisi na utasubiri.

Mimi ningegawa kazi. Chini ya gari kwa fundi wa mtaa. Kila kinachohusu joto, yaani feni, kulanti mbili, oili ya gia, EGR na kusoma betri, kwa gereji ya haibridi, mara moja kwa mwaka na kwa orodha iliyoandikwa. Breki za umeme na mambo ya chesisi kwa wakala. Dereva wa teksi asiye na nafasi ya kuzunguka gereji tatu achague ya haibridi kwa yote. Mwenye gari la wikendi ambaye hataki kujua neno EGR, na ana uwezo, aende kwa wakala na aombe kwa maandishi kazi hizo za joto, kwa sababu hata huko orodha ya huduma ya kawaida huenda isizitaje.

Betri: moduli moja, ya mtumba, au mpya

Msimbo P0A80, unaosema betri kubwa imechoka, ukitokea, utapewa njia tatu kabla hujamaliza kushtuka. Kwanza hakikisha ugonjwa. Betri ya Aqua ina moduli 20, ya Prius 28, zikisomwa mbili mbili, yaani bloku 10 na 14. Panda na fundi na skana yake, mpande Waiyaki Way kutoka Westlands kuelekea Uthiru, mkanyage mafuta, na mtazame namba. Bloku zote zikishuka pamoja na kupanda pamoja, betri bado ina maisha. Moja ikianguka volti nzima chini ya wenzake kila mnapopanda, hapo kuna moduli iliyokufa au inayokufa. Na wakati mwingine tatizo ni vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, vimeota kutu ya kijani. Kuvisafisha ni kazi ndogo.

Kubadilisha moduli moja ni nafuu kuliko zote na ndiyo inayopendwa zaidi mjini. Rahisi huvunja upishi. Moduli nyingine 19 au 27 zina umri ule ule wa iliyokufa, na moduli ngeni yenye nguvu tofauti huwachosha jirani zake, kwa hiyo baada ya miezi utarudi kwa nyingine. Inafaa ikiwa unauza gari hivi karibuni na unamwambia mnunuzi ukweli, au ikiwa gereji itapima uwezo wa kila moduli, kuzisawazisha zote na kuandika dhamana. Bila hivyo unanunua muda tu.

Betri ya mtumba kutoka Japani ni bahati nasibu yenye kanuni zake. Tazama tarehe kwenye lebo. Uliza imekaa kwenye rafu muda gani, kwa sababu betri ya nikeli iliyolala bila chaji hupoteza nguvu. Dai ipimwe ikiwa kwenye gari lako, chini ya mzigo, mlimani, kabla ya kulipa salio. Ikitoka kwenye gari changa lililogongwa mbele, inaweza kuwa biashara nzuri sana.

Mpya ni ghali, na kwa anayepanga kukaa na gari miaka mitatu au zaidi ndiyo ninayoipendekeza bila kusita, hasa kwa teksi ambayo siku moja ya kulala gereji ni siku bila mkate. Lakini usiifunge juu ya feni chafu. Yeyote anayekuwekea betri ya aina yoyote na kuiacha feni ya zamani bila kuigusa amekuuzia nusu ya kazi.

Kama bado hujanunua

Kati ya magari makuukuu yenyewe, tofauti ya utunzaji ni kubwa kuliko tofauti ya bei kwenye yadi za Ngong Road. Aqua na Fielder haibridi ndizo rahisi kuishi nazo: betri ndogo ya nikeli inayofunguka, injini ya 1.5 iliyo na mafundi kila kona, spea tele. Prius ya kizazi cha tatu ni pana na tulivu zaidi, lakini ninaichukua tu ikiwa EGR ina historia au bei imepungua vya kutosha kuilipia.

Honda Fit haibridi ya kwanza, ya 2010 hadi 2013, ina mfumo mwepesi wa volti 100.8. Ina faida ambayo Toyota haina: mota inasaidia tu, kwa hiyo betri ikichoka injini bado inaweza kulivuta gari, ilhali Toyota bila betri kubwa haiwaki kabisa, haina stata. Upande wa hasara, CVT yake ni ya mkanda kweli na inataka oili yake sahihi ya Honda bila mzaha, na ukibadilisha plagi utanunua nane badala ya nne. Fit iliyofuata na Vezel zina gia ya klachi mbili yenye hatua saba, ambayo iliitwa kurekebishwa mara kadhaa kule Japani mnamo 2013 na 2014. Kwenye foleni ya kutambaa klachi hizo hupata joto, na mafundi wanaoziweza vizuri hapa si wengi. Kwa Nairobi ya kila siku, hiyo ningeiacha.

Nissan Note e-Power, iliyozinduliwa Japani mwishoni mwa 2016, ni kitu kingine: injini ya 1.2 inazalisha umeme tu, na mota ndiyo inayoendesha magurudumu. Hakuna gia za kubadilisha, na hiyo ni raha. Betri yake ni ya lithiamu na iko chini ya viti vya mbele, na si kila gereji inayofungua betri za nikeli za Toyota itakubali kuigusa. Kabla ya kulipa, tafuta kwanza gereji itakayoihudumia, uende nalo gari huko likapimwe likiwa bado ni la muuzaji.